Uliza Tujibu: Jipu ya viti saba, mpya ama okazioni?

Mwezi huu barua za magari zimezidi zingine zote, na karibu kila moja inaleta shida ile ile: familia imekua, gari ndogo imebana, watu wanataka jipu kubwa ya kubeba nyumba yote na hawajui waanzie wapi. Nimechukua chache, nimezikata kidogo juu ukurasa ni mdogo, lakini namna watu walivyoandika sikuigusa.

SWALI

Mukubwa bonjour. Niko naishi Bel-Air, niko na bibi, batoto batano, na mama yangu mzazi njo iko na sisi tangu baba alikufa. Tuko na Corolla ya zamani, siku ya yenga kuenda ku misa tunafanya safari mbili, ya kwanza mama na bale badogo, ya pili bale bengine. Nimechunga dola 16,000. Komisioneri ananionesha Mazda CX-9 ya 2011 na Toyota Highlander ya 2010, zote zimetoka Amerika, volani ya kushoto. Bibi anapenda CX-9 juu ndani iko mukubwa na inaonekana muzuri. Barafiki bananiambia Toyota tu. Munisaidie, nikamate gani?
Papa wa Bel-Air

JIBU

Papa, kabla ya Mazda ama Toyota tuhesabu watu kwanza. Wewe, mama wa nyumba, watoto watano, na mama mzazi: nane. CX-9 ina viti saba. Highlander ya 2010 nayo ni saba, tena kile cha katikati kwenye mstari wa pili ni kiti chembamba cha kuchomeka na kuchomoa, mtu mzima hawezi kukaa pale mpaka Likasi bila kunung'unika. Yani komisioneri (dalali) anakuonesha gari mbili na zote mbili zinamwacha mtu mmoja kwenye geti. Najua vile tunafanya hapa Lubumbashi, mdogo anapakatwa, lakini mtoto wa kwenye mapaja mkanda haumshiki, ukipiga freni ghafla njia ya Kasumbalesa nyuma ya kamyo ya shaba huyo ndiye anaruka wa kwanza.

Basi tafuta nane. Highlander iliyobadilishwa sura kuanzia modeli ya 2014 iko ya namna mbili, kuna yenye viti viwili vya kujitegemea katikati, hiyo inabaki saba, na kuna yenye benchi ya watu watatu katikati, hiyo ndiyo nane. Kwa macho ya nje zinafanana kabisa, kwa hiyo usikubali picha ya nje tu, omba picha ya mstari wa pili milango ikiwa wazi. Honda Pilot ni nane karibu zote, na ile ya 2009 mpaka 2015 yenye sura ya sanduku wengi wanaiona mbaya lakini huo usanduku ndio unampa mtu wa nyuma nafasi ya kichwa na magoti. Chevrolet Traverse pia kuna ya nane, ni kubwa kweli, shida yake ni piesi, hapa utazunguka mji mzima kutafuta na mwisho utaagiza mbali. Na kama mama wa nyumba anaweza kukubali (hapo ujitetee mwenyewe, mimi simo), Toyota Sienna kuna ya nane, mlango wake unateleza pembeni, mama mzazi anaingia bila kupandisha mguu juu sana. Haiitwi jipu, kwenye parokia haitamshangaza mtu, lakini kazi unayotaka inaifanya kuliko zote nilizotaja.

Moteri sasa. CX-9 ya miaka ile imechukua V6 ya Ford, lita 3.7. Inavuta vizuri sana, gari yenyewe ina zaidi ya mita 5, na nyuma kabisa watoto wanakaa vizuri kuliko Highlander ya 2010, kwa hiyo mama wa nyumba macho yake hayajamdanganya. Ila pompu ya maji ya ile moteri imewekwa ndani, inazungushwa na sheni ya distribisio (ile inayofungua na kufunga valvu za moteri), na siku inachoka maji hayamwagiki chini ukayaona asubuhi, yanaweza kuingia kwenye mafuta ya moteri, halafu mafuta yenye maji yanakula moteri taratibu wewe ukiendelea kutembea. Kuibadilisha pompu tu ni kufungua mbele yote ya moteri. Fundi anayeijua vizuri hiyo kazi hapa si kila kona, na ukimpata ataitaja bei ambayo utakaa chini kwanza. Mimi kwa familia yako CX-9 naiacha.

Highlander ya 2008 kwenda mbele yenye V6 ya lita 3.5 ni moteri ya sheni, haina kurua (mkanda wa mpira) ya kukatika, na watu wa garaji wanaifahamu maana moteri hiyo hiyo imewekwa kwenye Toyota nyingi. Kitu kimoja cha kuangalia kwa zile za mwanzo: kuna bomba ndogo ya kupeleka mafuta kwenye VVT-i (mfumo wa kupanga valvu), nyingine zilitoka na kipande cha mpira katikati, mpira ukipasuka mafuta yote yanamwagika kwa dakika chache na moteri inakufa barabarani. Toyota iliweka ya chuma tupu badala yake. Mwambie fundi wako aangalie ni ya mpira ama ya chuma, ni kazi ya kuchungulia tu na tochi.

Pilot ina kurua. Inabadilishwa kwenye kama kilomita 160,000 ama miaka saba hivi, pamoja na pompu ya maji na galeti zake (vigurudumu vya kuikaza), na muuzaji akikuambia ilibadilishwa bila karatasi, hesabu kwamba haijabadilishwa. Za 2009 mpaka 2013 pia kuna zinazokunywa mafuta ya moteri na kuchafua buji, juu ya ule mfumo wake wa kuzima silinda kadhaa moteri ikiwa haivuti kwa nguvu. Tena kuna habari ya erbagi za Takata, zile zilizorudishwa viwandani kwa mamilioni juu zinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa mtu, na joto na unyevu vinaziharibu zaidi. Pilot ya miaka ile imo kwenye orodha, na CX-9 ya 2007 mpaka 2015 imo pia. Unaandika namba ya chasi kwenye saiti ya NHTSA, ofisi ya usalama barabarani ya Marekani, ni bure, inakuambia kama ile gari ilitengenezwa ama bado. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata dola 100 ya kushikilia gari.

Hiyo namba ya chasi tuizungumzie kidogo maana ndiyo inayokuokoa. Gari ya Amerika ina herufi na tarakimu 17, utaziona chini ya kioo cha mbele upande wa dereva na tena kwenye karatasi iliyobandikwa pale mlango wa dereva unapofungia. Hizo mbili zifanane, na zifanane na karatasi za duane (forodha). Ya kumi ndiyo inasema mwaka wa modeli: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015. Ukiambiwa "hii ni 2014 patroni" na ya kumi ni C, usibishane na mtu, mwoneshe tu na kidole. Na kilometraji ya gari ya Amerika ni maili, wauzaji wa hapa wanaisoma kama kilomita na wala hawafumbi jicho. Ikiandika 110,000 ujue imetembea kilomita 177,000, tofauti yake ni kurua nzima, ni amortiseri, ni bwati (giaboksi).

Halafu nenda kuiona asubuhi na mapema, na mpigie muuzaji usiku akuachie gari bila kuiwasha. Ukifika weka mkono kwenye kapo, ikiwa na joto ameiwasha kwanza, jiulize kwa nini. Chomoa joji (kijiti cha kupimia) ya mafuta, fungua kifuniko cha mafuta uangalie chini yake, ukiona kitu kama maziwa yenye kahawa funga na urudi nyumbani. Mwambie mtu awashe wewe ukiwa nyuma: moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, mweupe unaoendelea hata moteri ikishapata joto ni maji. Kisha ingia ndani uvute mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho kabisa, mpaka ukatae. Watu wanaosha gari iliyozama, wanaosha viti, wanapuliza manukato, lakini ule mwisho wa mkanda uliojikunja ndani hakuna anayekumbuka, ukiukuta na mstari wa matope yaliyokauka umepata jibu. Nyanyua na kapeti ya buti kwenye pembe, angalia bulo za viti kama zina kutu. Mafuriko ya Sandy upande wa New York mwaka 2012 na Harvey huko Texas 2017 yalizamisha magari mengi sana, na gari iliyokataliwa na asiransi kule haitupwi yote, nyingine inauzwa mnadani, inapanda meli.

Ukimaliza hapo ifanye itembee. Volani ikatwe mpaka mwisho kushoto, uende polepole, kisha kulia: ukisikia ka-ka-ka chini, kardani zimeisha. Bwati ikiwa baridi ibadilishe bila kugonga. Na siku ya kuamua njoo na familia yote, usicheke, yote. Yule mtoto mkubwa akae nyuma kabisa, ufunge mlango, uangalie magoti yake yanafika wapi, maana yeye bado anakua na gari haikui. Wote wanane wakiwa ndani fungua buti uone kinachobaki: kwenye jipu hizi zote ukisimamisha mstari wa tatu, saki moja ya unga wa bukari na mifuko ya soko, basi. Ukienda likizo Kolwezi na watu nane lazima porte-bagage juu.

Ningekuwa wewe ningetafuta Highlander ya 2014 ama 2015 yenye benchi, hata ikiwa imetembea kidogo zaidi, kwa kuwa piesi ziko mjini na fundi yuko jirani. Bei ikigoma, Pilot ya 2012 kupanda juu yenye karatasi safi. Na ile 16,000 usiimalize yote kwa muuzaji, bakisha kama 2,500 pembeni, mwezi wa kwanza ni wa mafuta yote, filtri zote, pengine kurua, pengine pine nne, na karatasi. Esanse pia uihesabu, V6 ya namna hii mjini inakula lita 13 mpaka 15 kwa kilomita 100, foleni na klima zikiwepo inapita hapo. Corolla ilikuzoeza vibaya.

SWALI

Bwana mwandishi, salamu. Niko mama wa miaka 58, nafanya biashara ya bitenge, Kampemba. Kaka yangu iko Dar es Salaam anasema naweza agizia Toyota Kluger ama Vanguard kutoka Japani, bei iko chini sana kuliko hizi za Amerika, anailetea mpaka Kasumbalesa. Volani iko kuume. Batoto bangu banakataa, banasema hatari. Lakini mu mji niko naona volani ya kuume nyingi tu. Na kuko fundi anasema anaweza kugeuza volani kuwa kushoto. Munasema nini?
Mama wa Kampemba

JIBU

Mama, watoto hawajakosea lakini na nyinyi hamjakosea, tuangalie gari itafanya kazi gani. Kama ni Kampemba, soko, kanisa, kuchukua wajukuu shuleni, mji tu, volani ya kuume mtaizoea ndani ya mwezi, watu wengi wanaishi nayo. Shida inaanza siku mnatoka mjini. Tanzania na Zambia wanapita kushoto, gari hiyo imetengenezwa kwa ajili yao, lakini mkivuka Kasumbalesa ni kulia, na njia yote mpaka hapa ni foleni ya makamyo. Dereva akiwa kuume, ili aone kama mbele kuna gari lazima atoe nusu ya jipu kwenye njia ya wenzake. Wengine wanamwambia anayekaa kushoto "angalia kama ni bure", sasa uhai wa watu saba uko kwenye mdomo wa shemeji anayesinzia.

Kuna na taa, hii watu hawaizungumzi. Taa za gari ya Japani zimepangwa ziangaze zaidi upande wa kushoto, juu kule ndiko iliko kando ya barabara. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Hata ukiweka taa ndogo unampiga machoni, na usiku wenye vumbi la mwezi wa nane ndiyo mbaya zaidi.

Kugeuza volani, mama, hapana. Pale wanakata, wanachomelea, wanahamisha kremayeri na pedali ya freni na nyaya za dashibodi, na hakuna atakayewapa karatasi ya kuonesha kwamba ile kazi ilipimwa. Kitu kinachogeuza magurudumu na kitu kinachosimamisha gari ndivyo viwili ambavyo mtu hajaribishi.

Tuseme mmeamua bado. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, iliuzwa Japani 2007 mpaka 2013, kuna ya viti vitano na ya saba, mstari wa tatu ni wa wajukuu peke yao, mtu mzima hapana. Kluger ya Japani iliisha 2007, kwa hiyo hata ile changa kabisa ni mzee sasa. Zote mbili kuna zenye moteri ya lita 2.4, inayoitwa 2AZ, ni nzuri ya esanse lakini nyingi zinakunywa mafuta ya moteri zikizeeka, joji iangaliwe kila wiki. Kluger ya lita 3.0 ina kurua. Kaka awatumie karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama: 4 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida, R ama RA maana yake iligonga ikatengenezwa. Asipoitoa, aseme kwa nini. Redio yake nayo inaanzia 76 na inaishia karibu na 90, nusu ya redio zetu hamtazipata na GPS itawaongelesha Kijapani, lakini hicho ni kitu kidogo, redio ya Kichina ya dola chache inamaliza.

Kubwa kuliko yote: serikali iliisha kutangaza zaidi ya mara moja kukataza kuingiza volani ya kuume, na kuna sheria pia juu ya umri wa gari ya okazioni. Kwa hiyo kabla kaka hajalipa Japani, mwende kwa deklarani (wakala wa duane) mnayemjua, mumpe mwaka wa gari, moteri na upande wa volani, awaandikie kwa karatasi jumla ya duane na kama inapita. Kwa karatasi, siyo kwa simu. Kisha muongeze njia: bandari ya Dar, dereva wa kuileta, Tunduma, Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Mkishajumlisha hivyo mtaona ile "bei ya chini sana" imepanda mpaka kiunoni mwa ile ya Amerika.

SWALI

Yaya, niko kijana, natumika ku mine kule Kolwezi, familia iko L'shi (Lubumbashi), bibi na batoto batatu na wadogo zangu wawili. Kampuni inaniongezea, naweza kuchukua kredi. Nikamate jipu mpya ya Kichina ya viti saba, zero kilometa, ama Prado ya okazioni? Mara mbili kwa mwaka tunaenda mugini upande wa Mitwaba.

JIBU

Kaka, jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilomita 300 za lami, pale krosova yoyote itakubeba vizuri kuliko Prado, inakaa chini, haiyumbi, inakula kidogo, watoto hawatapiki. Lakini Mitwaba wakati wa mvua ni kitu kingine. Krosova imejengwa kama gari ndogo, bodi na chasi ni kitu kimoja, na nyingi zinasukumwa na magurudumu ya mbele tu hata kama nyuma wameandika maneno makubwa. Prado ina chasi yake, ina gia ya chini ya kutokea matopeni, na inapigwa mwaka baada ya mwaka. Mara mbili kwa mwaka siyo nyingi, kwa hiyo unaweza ukachukua krosova na kwenda mugini wakati wa kiangazi tu, ama kukodi. Hapo ni wewe na wazee wa mugini.

Za Kichina sizisemi vibaya. Chery Tiggo 8 na Jetour X70 zina viti saba, ndani ni kuzuri, na kwa kuwa mine zote za huku zimejaa Wachina piesi zake zinaanza kuonekana. Ila mpya unanunua garantii, kwa hiyo soma garantii kama unavyosoma mkataba wa kazi: miaka mingapi, kilomita ngapi, moteri na bwati zote zimo ama moteri peke yake, na nani anaifanya hapa Katanga. Uliza swali moja tu kwenye duka: "Nioneshe pompu ya maji na amortiseri za mbele za hii gari, ziko kwenye depo leo?" Wakikutembeza mpaka kwenye depo na ukaziona, sawa. Wakisema zinatoka Dubai wiki tatu, hesabu wiki sita. Uliza na bwati ni ya namna gani, maana nyingi za lita 1.5 turbo zina bwati ya klachi mbili, tamu sana barabarani, lakini kwenye foleni ya kusogea mita mbili mbili na joto la mwezi wa kumi inaweza kuchoka mapema. Usisogee na gari ya mbele kila mara, acha nafasi ifunguke ndiyo uende.

Ukichagua Prado ya mazutu (dizeli), ile ya lita 3.0 D-4D, injekta ndiyo udhaifu wake. Haitaki mazutu ya bidoni ya kandokando. Jaza kituo kimoja unachokiamini, badilisha filtri ya mazutu mapema kuliko kitabu kinavyosema, na utoe maji chini ya ile filtri. Na zile za kizazi cha 2003 mpaka 2009 viti vya nyuma kabisa vinakunjwa pembeni, vinakula buti hata visipotumika, mwambie bibi kabla hajashangaa.

Nissan Pathfinder hukuiuliza lakini wengine wameiuliza kwenye barua, basi nimalizie hapa hapa. Ya 2013 mpaka 2020 ni pana, inakaa watu vizuri, bei inashawishi, na inashawishi juu ya bwati yake ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua). Ikitetemeka ukiondoka taratibu, kama gari inayokanyaga mawe madogo, iache. Ile ya kabla yake, 2005 mpaka 2010 hivi, radiatere inapasuka kwa ndani, maji yanaingia kwenye bwati, unapoteza vyote viwili kwa siku moja. Mwenye nayo tayari abadilishe radiatere sasa, asingoje.

SWALI

Hybride ya viti saba inawezekana hapa kwetu na hii delestaji ya SNEL? Nachaji na nini?
Wa komini ya Kenya, karibu na soko

JIBU

Highlander Hybrid haichomekwi popote, inajichaji yenyewe ukipiga freni na moteri ikizunguka, SNEL ikate umeme hata wiki nzima hainuni. Mjini ndiko inafanya kazi nzuri, ile mpya ya kuanzia 2020 inaweza kushuka mpaka karibu lita 7 kwa kilomita 100, nusu ya V6. Batri kubwa iko chini ya viti vya mstari wa pili na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka humo humo ndani, kuna tundu lenye wavu mbele ya kiti. Sasa weka vumbi letu jekundu hapo, weka na begi la shule limeziba tundu, na batri inapika. Safisha ule wavu kila mwezi wakati wa kiangazi, na ukinunua okazioni mwambie fundi mwenye skena aisome batri mbele yako, asipokuwa na skena si fundi wa hybride. Zile za kuchomeka, kama Outlander PHEV ya 2013 mpaka 2021, viti ni vitano tu, na bila umeme wa uhakika unabeba batri nzito bure.

SWALI

Nimepata Sorento nzuri, muuzaji anasema kartirozi iko mu jina ya mtu wa tatu, tutabadilisha kisha ya kulipa. Pine ziko mpya kabisa.

JIBU

Kisha ya kulipa hamtabadilisha kitu. Mtu wa tatu aje na kitambulisho, ama kuwe na karatasi ya kuuza iliyopita mikononi mpaka kwa huyu wa leo, na namba ya chasi ifanane kwenye gari, kartirozi (karatasi ya mwenye gari) na karatasi ya duane. Fedha ya kwanza itolewe mkononi siku mnayofanya mitasio (kubadilisha jina la mwenye gari), na ile ingine kartirozi ikitoka kwa jina lako.

Na hizo pine, piga goti uangalie pembeni ya ile iliyoandikwa DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Kuna wanaopaka pine weusi zikang'aa. Angalia zote nne, na ile ya akiba chini ya gari pia, hiyo ndiyo hawaipaki.